Chumba Kisicho na Ndege Wala Boti

Nimerudisha sare, kitambulisho na jozi mbili za buti, ambazo mtunza stoo alizikagua soli kana kwamba kuna mtu atazivaa tena. Sasa naishi Usagara, karibu na njia panda, na mchana kutwa nasikia malori yakipunguza mwendo. Mwezi uliopita vijana wawili wa kitengo cha mawasiliano walikuja kunisalimia. Wamepangiwa chumba cha operesheni cha pamoja, na mwalimu wao aliwaeleza kazi ya chumba hicho kwa mchoro wenye mishale mingi. Waliniuliza hasa kinafanya nini. Niliwajibu kwa kirefu mno, chai ikapoa, na walipoondoka nikaona bado sijasema lililo muhimu. Ndiyo maana nawaandikia. Vyeo vyangu na mshahara wangu vimo kwenye jalada na havitamfaa mtu yeyote.

Nilifika kambini kando ya ziwa nikiwa askari wa kike wa redio, na elimu yangu yote ya redio nilikuwa nimeipata kwa kusoma vitabu vya mafunzo ambavyo wenzangu walivitumia kuegeshea dirisha. Nilikabidhiwa kwa Afisa Mteule Magesa, mtu wa upande wa Mara, mwembamba, aliyezungumza polepole kama anayelipia kila neno. Chumba kilikuwa na meza moja ndefu, ramani ya ziwa iliyofunikwa nailoni angavu, redio tatu na feni iliyozunguka siku ilipopenda.

"Umetoka wapi?" aliniuliza.

"Misungwi, afande."

"Msukuma. Kwenu ziwa ni mahali pa kunyweshea ng'ombe."

"Ndiyo, afande. Na kwenu ng'ombe ni samaki mwenye miguu."

Hakucheka. Kesho yake alinipa kiti cha karibu na dirisha, ambacho kabla yangu alikuwa akiwekea kofia yake.

Swali lake la pili ndilo ninalowapa ninyi pia. Aliniuliza: "Kamanda wa chumba hiki ana ndege ngapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akasema, "Hana hata moja. Boti?" Nikakunja vidole. "Hana. Askari?"

"Sijui, afande."

"Ana mimi, wewe na mpishi. Na mpishi ameazimwa."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Ndege ni za kikosi cha anga. Wao ndio wanaozitengeneza, wanaowafundisha marubani na wanaojua siku ipi ndege haifai kupaa. Boti ni za wanamaji, isipokuwa chache za nchi kavu za kubebea zamu. Askari wa miguu, malori na vituo vya vilimani ni vya nchi kavu. Kila mmoja ana wakubwa wake, desturi zake na namna yake ya kukunja blanketi. Kamandi ya pamoja huazima kwa hao watatu na kuwaelekeza kwenye jambo moja, iwe ni doria, ulinzi au uokoaji, na jambo likiisha kila kimoja hurudi kwa mwenyewe. Kilicho mali ya chumba ni ramani na sauti. Ramani ikikosea au sauti ikikosea, ndege nzuri na boti nzuri zitafanya kazi nzuri mahali pasipo na maana.

Magesa alinifundisha kurudia kila ninachopokea kabla ya kukiandika, hata kama anayeongea ni mkubwa na ana haraka. Alinifundisha kuhifadhi penseli za nta kwenye kopo lenye maji, kwa sababu jua la mchana huzilainisha na mstari unakuwa mnene kama kidole. Alinifundisha kufunika redio kwa kitambaa chepesi wakati wadudu wa ziwani wanapoinuka majini kama moshi, maana wakiingia ndani ya redio hunuka kuliko samaki aliyesahauliwa. Alipostaafu aliniachia kopo, kitambaa na kiti chake. Hotuba hakutoa.

Lazima niwaeleze desturi moja ya chumba kile, kwa sababu mengine yote yanaitegemea. Kila kikosi kilikuwa na ofisa wake ndani ya chumba, tuliyemwita kiungo. Alikuwa na penseli ya rangi yake: nchi kavu nyekundu, wanamaji nyeusi, anga bluu. Ramani iligawanywa miraba. Kikosi kikimaliza kazi kwenye mraba, kiungo wake huupaka rangi yake, na mraba huo husemwa umefungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa rangi ya mwenzake wala kuuliza imewekwaje. Sababu ilikuwa ya kweli. Zamani, kabla yangu, maofisa walikuwa wakifutiana mistari na kubishana mbele ya kamanda mpaka kazi ikasimama. Kwa hiyo ikawekwa heshima ya rangi, na kwa miaka mingi ilitufaa. Tuliendesha doria, tuliwatafuta watu baada ya dhoruba, tulipeleka maji na dawa visiwani, na sikumbuki ugomvi hata mmoja juu ya penseli.

Miaka ya mwisho nilikuwa na koplo niliyemfundisha mwenyewe. Aliitwa Sospeter, mtu mzima, baba wa watoto wawili, anayeishi Mabatini. Mke wake, Mama Eliya, anauza dagaa Mwaloni, kule Kirumba. Sospeter alizungumza redioni kama anayesoma matangazo ya kanisani, taratibu, bila kukohoa. Alikipenda chumba kile. Askari wapya walipoogopa safari ya majini aliwaambia, "Mkipata shida, nyie tulieni. Chumba kikishaanza, ndege inatafuta, boti inachukua. Mimi nimekaa mle, nakijua." Nami nilimsikia na nilifurahi, kama mwalimu yeyote angefurahi.

Asubuhi moja boti ya nchi kavu iliondoka kwenda kubadilisha zamu kwenye kituo cha redio kilicho juu ya kilima cha kisiwa kimoja. Walikuwamo askari sita, Sospeter, aliyepangiwa zamu hiyo, akiwa kiongozi wao. Kituo kikangoja. Kikosi chao kikaulizana chenyewe kwanza, maana boti ni yao, watu ni wao, na hakuna apendaye kutangaza mbele ya wanamaji kwamba boti yake haionekani. Jambo lilipofika chumbani, jua lilikuwa tayari kali.

Nitasema haki. Kuanzia hapo kila mtu alifanya kazi yake vizuri. Kanali, aliyekuwa kamanda wetu, alisimama mwisho wa meza na hakupandisha sauti. Kapteni Lyimo, kiungo wa anga, alipata ndege kabla hajamaliza kuketi. Luteni Bwire wa wanamaji alitoa boti zote zilizoweza kuwaka. Nchi kavu walipeleka watu kando ya fukwe, kijiji kwa kijiji. Mimi nilikuwa kwenye redio. Rubani alikuwa akitaja mraba aliomaliza, Lyimo anaupaka bluu, Bwire anatazama palipobaki peupe na kuelekeza boti huko. Hatukurudia mahali na hatukugongana. Mgeni angetuona angesema hivi ndivyo vikosi vinavyopaswa kusaidiana.

Jioni ramani yote ilikuwa na rangi. Kanali aliuliza, "Kuna pengo?"

"Hakuna, afande," walijibu wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

Sijawahi kuona ramani safi kama ile. Kesho yake, kwa kuwa ndani hapakuwa na pengo, tukapanua utafutaji kwenda maji makubwa, mbali zaidi, ambako hapakuwa na kitu.

Waliowapata ni wavuvi. Walikuwa wanatafuta nyavu zao zilizoburutwa na gugu maji, lile gugu linaloelea kama shamba lililong'oka, na wakaingia ndani yake kwa mtumbwi wa makasia, wakisukuma kwa mti. Katikati ya gugu waliikuta boti yetu imepinduka, na watu wawili wameishikilia. Wanne walikuwa wamekwisha. Sospeter alikuwa mmoja wao. Mraba ule ulikuwa wa kwanza kupakwa bluu.

Nilitumwa hospitali kumhoji mmoja wa wale wawili, Praiveti Yohana, kuhusu redio. Wakubwa walitaka kujua kwa nini Sospeter hakuita. Yohana alikuwa amelala ubavu, mikono imefungwa bendeji kwa sababu ya kushikilia ukingo wa boti.

"Redio ilikwenda na maji, afande. Wimbi lilitugeuza ghafla. Hakupata hata nafasi ya kuigusa."

"Mlikuwa mbali na nchi kavu?"

"Siyo mbali. Tuliona miti. Tuliona mpaka mbuzi."

Nikamuuliza kwa nini hawakuogelea. Alinitazama kana kwamba nimemtega.

"Tulitaka, afande. Mimi nilitaka. Gugu lilikuwa bado jepesi upande ule, ungeweza kupenya ukiwa na nguvu. Halafu ndege ikaja. Ikapita juu yetu kabisa. Tukapunga, tukapiga kelele. Ikaenda, ikageuka, ikapita tena. Koplo akasema, 'Basi, wametuona. Ingekuwa hawajatuona isingerudi. Sasa kazi ni ya boti. Msichoke bure, shikilieni hapa, wasije wakatukosa.'"

"Mkashikilia."

"Tukashikilia. Alikuwa anajua mambo ya chumba. Alasiri upepo ukageuka, gugu likajazana na kutuvuta kwenda nje. Ile miti ikapotea. Mwenzetu Masanja akauliza, 'Koplo, boti ziko wapi?' Akasema, 'Zinakuja. Labda mafuta.' Alisema hivyo hadi alipoacha kusema."

Sikuwa na swali jingine kuhusu redio.

Ninyi mlio wapya mnapaswa kujua jinsi ndege inavyotafuta. Inakwenda mstari mmoja hadi mwisho wa mraba, inageuka na kurudi kwa mstari wa pili ulio karibu na wa kwanza, kama mtu anayelima kwa plau. Ndege ile haikurudi kwa sababu iliwaona. Ilirudi kwa sababu ilikuwa imefika mwisho wa mstari. Sospeter alikaa nami chumbani miaka yote ile akisikia sauti ya rubani. Hakuwahi kuitazama ndege kutoka chini, akiwa ndani ya maji. Mimi pia sikuwahi.

Bodi ya uchunguzi ilikaa na maofisa wote waliitwa. Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo lililofanya kikao kiwe kigumu. Kapteni Lyimo alisema rubani wake aliumaliza mraba kama alivyoamriwa. Mwenyekiti akamuuliza, "Rubani angeweza kuona kichwa cha mtu ndani ya gugu?"

"Hapana, afande. Kutoka juu ni kijani tupu."

"Ulilisema hilo chumbani?"

"Sikuulizwa, afande. Na rangi ni yangu."

Luteni Bwire aliposimama, alianza bila kuulizwa. Alisema gugu huziba pangaboi za boti zake, na boti mbili zilikuwa zimeharibika hivyo msimu ule ule. "Nilipoona pale kwenye gugu pana bluu," alisema, "nilishukuru." Kisha akaketi kabla hajaambiwa aketi. Ninamheshimu hadi leo kwa neno lile, ingawa wenzake walimnunia muda mrefu.

Siwezi kuandika kila kilichoamuliwa. Kilichohusu chumba nitakieleza, kwa sababu ndicho mtakachokuta. Siku hizi kila kikao huanza kwa kila kiungo kusema kile ambacho kikosi chake hakiwezi kufanya siku hiyo. Kinachowezekana husemwa baadaye. Na mraba haufungwi kwa rangi moja. Mnaweza kudhani ni jambo dogo. Jaribuni kumfanya ofisa asimame mbele ya Kanali, na mbele ya vikosi vingine viwili, aseme sisi hatuwezi. Wiki za kwanza walikuwa wakisema vitu vya mzaha. Mmoja alisema kikosi chake hakiwezi kupata sukari ya chai.

Kapteni Lyimo ndiye aliyeukomesha mzaha huo. Asubuhi moja alisimama akasema, "Anga haioni chini ya gugu."

Bwire naye akasimama. "Boti zetu haziingii kwenye gugu."

Kanali akatazama meza. "Basi nani anaingia?"

Lyimo na Bwire wakatazama ramani. Mwishowe kiungo wa nchi kavu, ofisa mkimya aliyekuwa akichora pembetatu kwenye karatasi, akasema, "Mitumbwi ya makasia, afande. Hatuna. Lakini tuko kwenye fukwe zote, tunaweza kuiazima kwa wavuvi, na watu wake." Ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa nikifikiri kwamba jibu hilo lingeweza kutoka siku ile ya ramani safi, kama swali lingekuwapo. Sikuona faida ya kulisema kwa sauti. Kila mtu mle ndani alikuwa akifikiri hivyo hivyo, maana kalamu zote zilikuwa zimesimama.

Baada ya matanga nilipeleka begi la Sospeter Mabatini. Ndani mlikuwa na shati, redio ndogo ya mfukoni, na viatu vya mtoto alivyokuwa amevinunua mjini na kuvisahau kabatini. Mama Eliya alinipokea mlangoni, mikono bado ina magamba ya dagaa.

"Shikamoo dada," aliniamkia.

"Marahaba. Pole, mdogo wangu."

Tuliketi sebuleni. Alivigeuza vile viatu, akavipima kwa kiganja. "Havimtoshi tena," alisema. "Alikuwa ananunua kwa kukumbuka, yule mtu. Wanawe kwake hawakui." Kisha akaviweka chini ya kiti. "Mkubwa wenu alikuja. Alisema eneo lote lilitafutwa."

"Lilitafutwa."

"Na lile gugu?"

Nilikuwa nimekwenda bila amri ya kumwambia na bila amri ya kumficha. Nikamwambia yote, kama Yohana alivyoniambia, pamoja na miti na ndege iliyorudi. Alisikiliza akiwa amekunja khanga magotini. Nilipofika kwenye maneno ya mumewe aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo walikuwa wanaweza kufika nchi kavu."

"Yohana anadhani hivyo. Mimi sijui."

"Lakini akawaambia wangoje." Akainua kichwa. "Na wewe, dada? Ungekuwa mle ndani, ungengoja?"

"Ningengoja."

Alitikisa kichwa polepole, siyo kwa hasira. "Mkubwa wenu aliniambia mmebadilisha mambo chumbani. Rangi mbili, sijui nini. Ni vizuri. Na wale wanaopanda boti kesho, mmewaambia nini?"

Hatukuwa tumewaambia chochote. Tulikuwa tumekirekebisha chumba, na walioko majini tukawaacha na imani ile ile aliyokufa nayo Sospeter.

Nilirudi kambini nikaandika maelezo ya ukurasa mmoja. Kapteni Lyimo aliyasoma akiwa amesimama, akayachukua mwenyewe kwa wakubwa wake wa anga. Ilichukua muda, kama kila kitu kinachohitaji sahihi za vikosi vitatu. Tangu hapo rubani akiona mtu majini hutikisa mabawa ya ndege, kushoto na kulia, mpaka aliye chini aone. Na kila boti, iwe ya kikosi gani, haiondoki gatini kabla ya ofisa wa chumba kushuka na kuzungumza na watu wake. Kazi hiyo niliiomba, nikaifanya mpaka siku ya mwisho.

Asubuhi yangu ya mwisho gatini zamu ya kisiwani ilikuwa tayari, makoti ya kuokolea yamefungwa, injini inanguruma. Niliwaambia kama kawaida. Ndege ikiwaona, itatikisa mabawa. Ikipita bila kutikisa, hata ikirudi mara nyingi kiasi gani, haijawaona. Mkiona miti na mna nguvu, nendeni kwenye miti. Msitunze nguvu kwa ajili yetu.

Askari mmoja aliyekaa nyuma, mchangamfu, akasema, "Sasa afande, si mtakuja tu? Chumba kizima kile."

Wenzake wakacheka. Nilimuuliza kama anajua kuogelea.

"Kidogo, afande."

"Kidogo kiasi gani?"

Akatazama maji, kisha akatazama wenzake. "Sijawahi kujaribu."

Nikamwambia ashuke. Alishuka na begi lake, wakampisha, na boti ikaondoka bila yeye.